Ukurasa Nilioufuta

Siku mliponiaga nikistaafu mlinitaka niseme machache, nikasema machache kweli, maana soda zilikuwa zinapata moto na mkuu wetu alikuwa akitazama saa. Baadaye mmoja wenu alinifuata ngazini akaniuliza, "Bi Kadzo, hayo mengine utatuambia lini?" Nimeyaandika hapa, nyumbani kwangu Tononoka, kwa kalamu ya risasi, kama mlivyonizoea. Vyeo nimeviruka. Vimo kwenye faili langu, na faili langu lina ukungu kidogo upande wa mgongo. Nililiona nilipokuja kurudisha funguo. Mlishughulikie.

Niliajiriwa kupiga taipu. Siku ya kwanza nilitoka Majengo kwa miguu, viatu vipya vikinibana, nikapanda zile ngazi za mbao za ofisi yetu ya nyaraka nyuma ya Ndia Kuu, nikakuta taipureta ya ofisi imepelekwa kwa fundi. Ilirudi mwaka wa pili. Karani hakujua anitie wapi, akanipeleka chumba cha nyuma kwa Bwana Taibali.

Bwana Taibali alikuwa mtu mfupi, safi, mwenye kofia nyeupe ya uzi wa dhahabu na mikono iliyonukia unga uliopikwa. Babu yake na baba yake walikuwa wakijalidi misahafu na vitabu vya maduka hapo hapo Mji wa Kale, naye alifanya kazi hiyo mpaka watu wakaacha kujalidi vitabu, ndipo serikali ikamchukua atengeneze nyaraka zake zilizoliwa na wadudu. Alinipa gazeti kuukuu.

"Wajua kuchana karatasi, binti?"

"Kila mtu ajua, Bwana."

"Haya. Chana."

Nikachana. Ikaenda mshazari, ikaishia kwenye picha ya waziri na kumkata shingo.

"Karatasi ina mkondo, kama ubao," alisema. "Ukienda nao, yakutii. Ukienda kinyume, yaenda itakako yenyewe. Chana mpaka kidole kijue."

Nilichana magazeti wiki tatu. Mama yangu alidhani nimeajiriwa kufungia watu njugu.

Kidole kilipojua, akanipa vifaa: mfupa wa ng'ombe uliolainishwa wa kukunjia, brashi tatu, kitambaa cha melimeli, sindano, na mawe ya pwani yaliyosuguliwa na bahari ya kukandamizia kurasa. Gundi tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji, bila chumvi, ukikoroga upande mmoja tu. Ule upande mmoja sijapata kuujua sababu yake mpaka leo, lakini sikuwahi kuthubutu kukoroga upande wa pili. Tena alinifundisha jambo ambalo nanyi nimewachosha nalo: kabla ya maji, tone. Unatia tone moja juu ya herufi moja, unaweka karatasi ya kukaushia, unahesabu hadi ishirini, unainua na kutazama. Ikiwa karatasi imetoka safi, wino ule unastahimili kuoshwa. Ikiwa imechukua hata kivuli cha rangi, weka beseni chini.

Kazi zilikuwa nyingi na mnazijua: ramani zilizokunjwa mara kumi na sita, barua zilizoshikana kwa unyevu wa masika, hati zenye matundu kama chekecheke. Sitazirudia. Nitawaeleza kazi moja kwa urefu, kwa sababu mnaliona lile daftari kabatini kila siku, na hapana hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini karatasi yake ya kumi na saba ni tupu.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini alipokuja Mzee Mabruki. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa makamo ya babangu, amebeba debe la biskuti lililofungwa kwa leso. Pale chumbani tulikuwa watatu siku hizo: Bwana Taibali, mimi, na Bi Maryamu wa Kibokoni, aliyekuwa msomaji wetu wa maandishi ya Kiarabu.

"Naitwa Mabruki wa Songoro," alisema. "Natoka Mavukoni. Mwapajua?"

Hatukupajua. Bwana Taibali akamvutia kiti, Bi Maryamu akammiminia kahawa, naye akatueleza.

Mavukoni iko juu ya Mto Sabaki, mbali na bahari, mahali mto unapotanuka na maji kupungua kina. Zamani za utumwa hapakuwa na mtu pale. Palikuwa na vichaka, mamba na wanyama waliokuja kunywa. Watu waliotoroka mashamba ya pwani waliufuata mto mpaka hapo, wakavuka, na waliokuwa wakiwaandama mara nyingi hawakuthubutu kuwafuata ng'ambo. Waliotangulia walikata msitu, wakapanda mtama, wakafunga kamba kutoka ukingo hadi ukingo na kuunda chelezo cha magogo cha kuwavusha wanaokuja nyuma. Mjini waliitwa watoro. Wao wenyewe waliitana waliovuka, na wajukuu wao hujiita hivyo hadi leo.

Mmoja wa wale wa mwanzo alijua herufi za Kiarabu. Kila nyumba ilipovuka aliiandika kwenye daftari, mstari mmoja kwa nyumba, kwa zamu ya kufika: jina la mkubwa wa nyumba, shamba alikotoka, na kipande alichopewa kulima, kutoka mti gani mpaka mti gani.

"Walikotoka waliandikwa na mtu mwingine, pamoja na ng'ombe na minazi," Mzee Mabruki alisema. "Hapa walijiandika wenyewe."

Akafungua debe. Mto ulikuwa umefurika mwaka ule na kuingia nyumbani mwake, na daftari lilikuwa limeshikana kwa tope.

"Nyumba yangu ni ya udongo, na mto ule hauna adabu. Nyinyi mna ghorofa. Nilindieni."

Nilimwandikia risiti kwa mkono wangu. Aliniomba nimsomee, nikamsomea. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaenda zake kutafuta basi.

Tulianza vizuri. Mimi nilitenganisha kurasa kwa mfupa na mvuke, Bwana Taibali alizitia viraka, Bi Maryamu alizisoma na kunakili majina. Tulikuwa tumefika ya kumi na sita Bi Maryamu alipochukua likizo ya kumwoza binti yake, na Bwana Taibali akaitwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Alipoondoka aliniambia neno moja: "Ningoje."

Sikumngoja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo kuliko matokeo yake: nilitaka arudi na jicho lake jipya akute kazi imekwisha, atazame, aseme "Ahsante, binti." Hakuwa mtu wa kusema ahsante ovyo.

Karatasi ya kumi na saba ilikuwa na tope zito, upande mmoja tu ndio ulioandikwa. Mimi wakati huo herufi zile sikuzijua; kwangu zilikuwa kama shanga zilizomwagika. Nilihesabu mistari, kumi na mmoja, nikaiandika hesabu hiyo kwenye daftari la kazi, kama tulivyofundishwa. Tone nilikuwa nimelitia siku ya kwanza kabisa, kwenye ukurasa wa kwanza, na wino ulistahimili. Kurasa zote nilizoosha baada ya hapo zilistahimili. Nikajaza beseni maji safi, nikailaza karatasi juu ya melimeli, nikaizamisha.

Ule wa kurasa za mwanzo ulikuwa wino wa dukani. Nadhani mwishowe ulimwishia yule mwandishi huko porini, akajitengenezea mwingine kwa masizi ya chungu na utomvu wa mgunga. Sikujua hilo. Nilichoona ni herufi zikiinuka. Ziliachana na karatasi taratibu, nzima nzima, zikakaa juu ya maji kama moshi usiojua pa kwenda. Kwa muda mfupi sana ungeweza bado kuzisoma, kama ungejua kusoma. Kisha nikashtuka, nikaivuta melimeli, na maji yakatikisika.

Karatasi ilitoka safi. Haikuwa na tope wala doa. Maji kwenye beseni yalikuwa ya kijivu, nami nilisimama nayo sijui muda gani, sitaki kuyamwaga, kana kwamba herufi zingeweza kurudi.

Bwana Taibali alirudi na kitambaa cheusi juu ya jicho. Nilikuwa nimeshaikausha ile karatasi na kuirudisha mahali pake katikati ya nyingine. Alifunua kurasa moja moja kwa kidole, kama kawaida yake, hakuwa akisoma. Kidole kilipofika pale kikasimama.

"Ulitia tone?"

"Nilitia, Bwana."

"Ukurasa gani?"

"Wa kwanza."

Hakunigombeza, na ingalikuwa afadhali angenigombeza. Akanisogezea daftari la kazi.

"Andika. Kwa mkono wako, na jina lako."

Niliandika kwamba karatasi ya kumi na saba imeoshwa bila kujaribiwa, majina kumi na moja yamepotea, kosa ni la Kadzo. Maandishi yale yapo, mkitaka kuyaona. Kisha akanipeleka kwa mkuu wa ofisi wa siku hizo, nikasema tena. Mkuu alinitazama kama mtu aliyeletewa jambo dogo kabla ya chakula cha mchana.

"Nani atakuja kulisoma hilo?" alisema. "Liwekeni kabatini. Hakuna haja ya kuwahangaisha watu wa huko."

Bwana Taibali hakufurahi, nilimwona. Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilishuka ngazi zile moyo mwepesi.

Mzee Mabruki alikuja mara tatu katika miaka iliyofuata, kila alipokuwa na jambo Mombasa. Hakuomba kufunguliwa daftari. Alikaa kwenye kiti kile kile, akanywa kahawa, akaweka kiganja juu ya jalada jipya la kitambaa cha kijani.

"Halijambo?" aliniuliza, kama anayeulizia mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa jamaa.

"Halijambo, Baba. Liko salama."

Mara ya tatu aliniletea maembe makavu. Nikayala.

Bwana Taibali alistaafu, akafariki baada ya muda si mrefu, Mungu amrehemu. Mimi ndiye niliyebaki na mawe yake. Nilimwomba Bi Maryamu anifundishe zile herufi, saa ya chakula, na sikumwambia sababu, wala yeye hakuuliza, ingawa naamini aliijua. Alikuwa mwalimu mkali. "Usikisie!" alikuwa akisema. "Ukikisia watunga, na wewe si mtungaji." Baada ya mwaka nilisoma peke yangu, na la kwanza nililolisoma mwanzo hadi mwisho lilikuwa daftari la Mavukoni. Karatasi ya kumi na sita inaishia kwa nyumba ya Baraka. Ya kumi na nane inaanza kwa nyumba ya Feruzi. Katikati yao nilijaribu kila kitu. Nilitumia taa ya kulaza ubavuni, kioo cha kukuzia, na ilipokuja ile kamera yenu ya gharama nikajaribu nayo pia. Nilipata mkia wa herufi moja na nukta mbili.

Miaka ikaenda, zaidi ya ishirini.

Bi Tabu alikuja asubuhi moja ya Jumatatu. Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, amejifunga leso juu ya gauni la safari, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikakatika. Niliitambua kabla hajaifunua. Ilikuwa risiti yangu.

"Mimi ni binti wa Mabruki wa Songoro," alisema. "Baba alifariki mwaka jana. Tunalihitaji lile daftari."

Nikampa pole, nikampa kile kiti. Akaeleza kuwa serikali inataka kujenga daraja Mavukoni, na kabla ya daraja maafisa wa ardhi watakuja kupima mashamba na kuyaandikisha. Watu wa Mavukoni walikuwa wamekubaliana na maafisa kwamba daftari ndilo litakaloamua. Ambaye mzee wake yumo, kipande chake ni chake bila maneno. Ambaye hayumo atahesabiwa mkuja, mgeni wa juzi, asubiri. Kipande cha akina Songoro kilikuwa pale pale kivukoni, ukingoni mwa mto, na jirani yao, Mzee Feruzi, alikuwa ameanza kusema kuwa Songoro hakuwahi kuandikwa, alikaribishwa tu.

"Sisi hatuna wasiwasi," alisema Bi Tabu. "Baba alituambia tumo. Tumo mwisho wa ukurasa, kabla tu ya akina Feruzi."

Niliinuka nikafunga mlango. Nikalitoa daftari, nikaliweka mbele yake, nikafunua kumi na sita, kisha kumi na saba.

Alitazama. Akageuza nyuma, akatazama tena.

"Mbona huu hauna kitu?"

"Ulikuwa na majina kumi na moja," nilimwambia. "Niliyafuta mimi. Niliiosha karatasi bila kuijaribu. Baba yako alikuja hapa mara tatu, na mara tatu nilimwambia liko salama."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno hayo miaka yote ile, na nilidhani yangechukua muda mrefu zaidi kusemwa.

Bi Tabu hakulia wala hakupaza sauti. Aliichukua ile risiti, akaitandaza juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

"Alilileta hapa lisiharibike," alisema. "Nyumbani liliingiwa na tope, lakini majina yalikuwamo."

Kisha akanyanyua macho.

"Hayo uliyoniambia mimi, utakuja kuyasema kule? Mbele ya watu?"

"Nitakuja."

"Usije ukasema ni maji ya mvua, wala mchwa."

"Nitasema ni mimi, dada."

Nilimwarifu mkuu wa wakati huo, ambaye mnamjua na ni mtu mwema. Alinipa ruhusa ya kwenda na kulichukua daftari, na barua ya onyo pamoja. Zote mbili nilizistahili.

Tulifika Mavukoni siku moja kabla ya mkutano, nikalala kwa Bi Tabu. Nilikuwa nimepasoma mahali pale miaka, nikiyajua majina ya miti ya mipaka kuliko majina ya majirani zangu Tononoka, na bado sikuwa nimepajua. Mto ni mpana kuliko nilivyodhani na una rangi ya chai ya maziwa. Mashamba yameshuka mpaka ukingoni, membamba na marefu, kila moja limepata kipande cha maji yake. Mikoma mingine ya mipaka, ile iliyoandikwa daftarini, imesimama bado. Na kamba ipo. Siku hizi ni ya nailoni na chelezo ni cha mapipa, lakini imefungwa pale pale, na wanafunzi na wanawake wa sokoni huvushwa nayo kutwa.

Asubuhi ya mkutano nilikwenda na Bi Tabu kivukoni kunawa uso. Mwanamume mmoja alikuwa akimkabidhi mwenziwe ufunguo wa mnyororo wa chelezo. Waliamkuana, wakapeana mkono, yule wa kwanza akaenda zake.

"Wafanyaje hao?" niliuliza.

"Wapeana kamba. Kila nyumba ina wiki yake ya kuitunza na kuvusha watu. Wiki ikiisha, wampa anayefuata."

"Nani aliyepanga nani amfuate nani?"

Alinitazama kama nimeuliza nani aliyepanga Jumanne baada ya Jumatatu.

"Ni walivyovuka, basi. Aliyevuka nyuma yako ndiye unayempa."

Nilikuwa na maji kwenye viganja. Nikayaachia. "Bi Tabu," nilisema, "na nyinyi mwampa nani?"

Akafungua kinywa kujibu, kisha akakifunga. Niliona likimwingia. "Hiyo ni kazi tu," alisema polepole. "Hatukuifikiria kuwa ni ushahidi. Daftari ndilo ushahidi."

Mkutano ulikuwa katika banda la shule. Maafisa wa ardhi walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mtu mchovu mwenye mafaili mengi. Watu walijaa hadi nje ya madirisha. Mzee Feruzi alikaa mbele, mtu mzito wa miaka sabini, mwenye jina la babu yake na bakora iliyochongwa vizuri. Nilisimama nikaeleza. Niliwaonyesha ile karatasi. Niliwasomea nilivyoandika kwenye daftari la kazi siku ile, na jina langu. Banda zima likanong'ona, na mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Haya ndiyo ya kuwapa watu wa mjini amana." Nikalipokea.

Mzee Feruzi akainuka. "Tumemsikia mama huyu, na kukiri ni jambo jema. Lakini Bwana Afisa, karatasi tupu haina jina la mtu. Ulisema anayeonekana kwenye daftari. Mimi naonekana. Songoro haonekani. Sina ubaya na mtu."

Afisa akanigeukia. "Bi Kadzo, unaweza kuthibitisha ni majina gani?"

"Siwezi," nilisema. "Sikuyasoma. Najua tu kuwa yalikuwa kumi na moja. Lakini niruhusu nimuulize Mzee Feruzi swali moja."

Akaruhusu.

"Mzee wangu, shikamoo. Zamu yako ya kamba ikifika, wapokea kutoka kwa nani?"

Jibu walikuwa nalo wote, hata watoto waliokuwa madirishani. Walikuwa nalo tangu walipoanza kutambaa. Mzee Feruzi aliegemea bakora yake. Angeweza kusema hiyo ni kamba na hii ni ardhi. Angeweza kukaa tu. Nilikuwa nimemwona mtu akinyamaza kwa faida yake miaka ishirini na ushei, na mtu huyo alikuwa mimi, kwa hiyo nilijua ni rahisi kiasi gani.

Alimtazama Bi Tabu, si mimi.

"Mwezi uliopita nimeipokea kwa huyu," alisema. "Kabla yake, kwa Mabruki, maisha yangu yote. Babangu aliipokea kwa baba'ke Mabruki. Na babu yangu..." Akasita. "Babu yangu alivushwa na Songoro. Songoro ndiye aliyeivuta kamba. Sisi tusingefika."

Akaketi. Bakora ilimwanguka, na Bi Tabu ndiye aliyeinama kumwokotea.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuandika tu. Tulianzia kwa Baraka, mwisho wa karatasi ya kumi na sita, tukamuuliza mjukuu wake anampa nani kamba. Akataja. Huyo naye akasimama, akataja wa mbele yake. Nilikuwa nikiandika, na afisa akiandika upande wake. Tulipata nyumba nne. Ya nne ilipoulizwa, bibi mmoja alijibu, "Sisi hatumpi mtu. Baada yetu ni wiki mbili za wote."

"Wiki za wote ni nini?"

"Palikuwa na nyumba mbili hapo zikaisha. Wengine husema ni ndui, wengine husema mto. Hazikuacha mtoto. Basi wiki zao tunavusha kwa pamoja, kila anayejisikia. Kisha inaendelea kwa akina Marijani."

"Walikuwa akina nani?"

Waliulizana. Waliwaamsha wazee waliosinzia. Hakuna aliyejua. Akina Marijani wakaendelea na kamba mpaka kwa Songoro, nyumba tano, na hesabu ikatimia: nne, na mbili, na tano. Kumi na moja. Afisa akafurahi hesabu ilivyokubaliana na ya daftari langu la kazi, akapiga muhuri. Bi Tabu alinishika bega alipokuwa akipita. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Watu walishangilia majina tisa yaliyopatikana. Mimi nilikuwa na mawili mengine kichwani. Yale tisa yalikuwa na watu wa kuyabeba. Yangeishi hata daftari lote lingeungua. Yale mawili hayakuwa na mtu, mtoto, kamba wala kaburi linalojulikana. Pahali pekee duniani wenye majina hayo walipokuwa wameandikwa ni mistari miwili ya masizi, na wao wenyewe, kama Mzee Mabruki alivyosema, ndio walioyataja majina yao yaandikwe.

Niliporudi Mombasa, mkuu alitaka tuyaandike yale tisa kwenye karatasi yenyewe ya kumi na saba. Nilikataa, na hiyo ndiyo mara moja tu nilipokataa amri. Niliyaandika kwenye karatasi mpya, nikaishona pembeni yake, mistari tisa imejaa na miwili mitupu. Msije mkaijaza kwa kukisia.

Mwezi baada ya kustaafu nilikwenda Mavukoni kumtembelea Bi Tabu. Daraja limeanza kutiwa nguzo. Mashamba yamepimwa, kila moja lina jiwe lake la mpaka lenye rangi nyekundu, na mahindi yalikuwa yamenizidi kimo. Tulikuwa tukitembea njia ya ukingoni tulipofika mahali mahindi yalipokatika. Palikuwa na majani mafupi tu, vipande viwili kando kwa kando, vimefagiliwa njia ya kuingilia.

"Hapa hapajalimwa?" niliuliza.

"Hapa ni pa wale wa wiki za wote. Maafisa walitaka kuwapa watu wengine. Tulikaa tukakubaliana paachwe. Mzee Feruzi ndiye aliyesema kwanza." Akarekebisha leso yake. "Tunapafagia kwa zamu."

Alitangulia mbele. Mimi nilibaki mwanzo wa ile njia, na sikujua la kufanya, maana hata dua huombewa mtu kwa jina. Mwishowe nilifanya afanyavyo mgeni yeyote akifika kwa watu asiowajua. Nilipiga hodi, mara tatu kama ada inavyotaka, nikangoja baada ya kila moja kiasi cha mtu kutoka ndani hadi mlangoni. Kisha nikamfuata Bi Tabu.